Pikipiki Kuukuu Inakula Oili: Ni Ringi, Ni Sili za Valvu, au Inavuja Tu?

Chini ya pikipiki sakafu ni kavu. Ukimwomba mtu akutazame nyuma unapoondoka, anasema haoni moshi. Lakini kila ukichomoa kijiti, oili imeshuka tena. Imekwenda wapi?

Swali hilo lilinisumbua miezi kadhaa na injini yangu ya silinda moja, valvu mbili, inayopozwa kwa hewa, ambayo imetembea kilomita nyingi kuliko mita yake inavyokiri. Fundi niliyempelekea aliisikiliza, akapiga resi mara mbili, akapangusa mikono. "Kaka, ringi zimekwisha hizi. Tufungue injini, tuchonge bloku, yaani tupanue tundu la silinda, tuweke pistoni mpya." Hakuwa amepima chochote. Nami sikuwa na la kumjibu, maana neno "ringi" likitajwa kila aliye karibu hutikisa kichwa kukubali. Niliomba siku chache za kufikiri.

Siku zile ndizo zilizonionyesha kwamba maradhi haya yana wahusika wachache, na kwamba kila mmoja ana tabia yake. Nawaweka hapa ubavu kwa ubavu, pamoja na njia za kuwabaini, ili mwenye pikipiki kuukuu ajue la kuanza nalo. Sitawapa nafasi sawa. Kuvuja ni jambo la kuangalia kwa macho tu. Ugomvi wenyewe uko kati ya ringi na sili za valvu, na hapo ndipo watu wengi huchongewa bloku isiyo na kosa.

Kwanza, imepungua kweli?

Injini nyingi ndogo za cc 100 hadi 150 hubeba oili lita 1 hivi. Kwa kiasi hicho kidogo, kosa dogo la kupima huonekana kama msiba. Ukiisoma ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, oili yote imelalia upande mmoja. Ukiisoma mara tu baada ya kuzima, nyingine bado iko juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, na haijateremka. Halafu kuna suala la kijiti chenyewe: kuna injini ambazo kijiti hupimwa kwa kukichovya tu bila kukikaza, na nyingine hukazwa kabisa. Ukibadilisha mtindo leo na kesho, utapata oili mbili tofauti ndani ya injini moja.

Kuna udanganyifu mwingine wa hila zaidi. Sindano ya kabureta ikiwa haifungi vizuri, petroli huchuruzika usiku na kuingia kwenye oili. Kipimo kinabaki pale pale, au hata kinapanda, huku oili yenyewe ikiendelea kupungua kimya kimya. Siku ukienda safari ndefu, injini inapata moto wa kutosha, petroli inapeperuka, na kipimo kinaporomoka kwa safari moja. Mwenye pikipiki anaapa kwamba injini imekula robo lita ndani ya siku moja. Nusa kijiti. Kikinukia petroli, anzia kwenye kabureta na umwage oili hiyo, kwa sababu imeshakuwa nyepesi na hailindi chuma.

Wenye pikipiki za zamani zenye tangi la oili pembeni, kando ya injini, wanalo fumbo lao wenyewe. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa, oili hujipenyeza kupitia pampu na kushuka yote chini ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Tangi linaonekana tupu, mtu anaongeza, anawasha, oili ya chini inarudishwa juu, tangi linafurika, na ziada inatokea kwenye bomba la kupumulia. Hapo injini haikula kitu. Iwashwe kwanza, izunguke kidogo, ndipo ipimwe.

Ukishaondoa mambo hayo, pima kwa namba. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, endesha kilomita 500 kwa mwendo wako wa siku zote, kisha rudi mahali pale pale palipo sawa, pikipiki ikiwa wima, injini ikiwa imezimwa kwa muda ule ule uliotumia mwanzo. Ongeza oili kwa bomba la sindano kubwa lenye alama za mililita hadi ifike tena juu. Mimi nilipata mililita 160, yaani 320 kwa kila kilomita 1,000. Karibu theluthi ya oili yote ya injini ndogo. Sasa nilikuwa na kitu cha kuzungumza nacho mbele ya fundi.

Kuvuja na kuungua

Namba hiyo peke yake inaweza kuamua nusu ya kesi. Mililita moja ya oili ni matone 20 hivi. Mililita 320 ni matone 6,400. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 1,000 ni saa 20 za kuendesha. Gawanya: tone moja kila sekunde 11, muda wote uko barabarani. Oili inayovuja kwa kasi hiyo huwezi kuikosa. Itakuwa imepaka upande mmoja wa injini, suruali, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na pengine tairi la nyuma. Kwa hiyo kile kitone kimoja kinachokutwa sakafuni asubuhi, ambacho watu hukinyooshea kidole, hakielezi upotevu wa aina hii. Kinajieleza chenyewe tu.

Kinyume chake si kweli, na hapa wengi huteleza. Sakafu kavu haisafishi jina la gasketi. Kuna mivujo inayotokea tu injini ikiwa ya moto na inazunguka kwa kasi, oili ikiwa nyepesi na shinikizo likiwa juu. Ukizima, inakoma. Upepo wa barabarani umeshaikausha au kuipeleka nyuma.

Njia ninayoiamini ni ya poda. Osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ikaushe kabisa, kisha nyunyizia poda nyepesi nyeupe, ile ya mwilini inatosha. Endesha kilomita 10 au 15, simama, piga magoti. Oili husukumwa nyuma na upepo na huvutwa chini na uzito wake, kwa hiyo chanzo ni ile sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Wengi hukosea kwa kutazama chini palipojaa zaidi, wakabadilisha gasketi ya kava la klachi ilhali oili inatoka kwenye kifuniko cha tapeti na kuteremka.

Sehemu za kutazama ni zile zile: vifuniko vya tapeti na mipira yake, kikaza cheni ya taimingi, unganiko la hedi na bloku, unganiko la bloku na nyumba ya krenki, nati ya kumwagia oili na washa yake, mpira unaopitisha nyaya za koili, sili ya shafti ya kubadilishia gia. Moja inastahili kutajwa peke yake: sili ya shafti ya sproketi ya mbele. Imejificha nyuma ya kava, na oili yake huchanganyika na grisi ya cheni hadi kila mtu anaamini ni uchafu wa cheni. Fungua kava hilo, safisha, endesha siku moja, tazama tena. Ikiwa palipokuwa pakavu pamelowa oili nyembamba ya rangi ya injini, umeokoa injini nzima kwa pete moja ya mpira.

Yangu ilikuwa kavu kote. Poda ilibaki nyeupe. Kwa hiyo oili ilikuwa inaungua.

Ringi ubavu kwa ubavu na sili za valvu

Kwanza, kila mmoja anafanya kazi gani. Pistoni ya injini ya mipigo minne kwa kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mlipuko usipite kwenda chini. Ya tatu, ambayo mara nyingi ni vipande vyembamba viwili na kichanuo katikati, kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu ya pistoni. Huyu wa tatu ndiye mlinzi wa oili, na tutamrudia.

Huko juu kwenye hedi, kila valvu hupanda na kushuka ndani ya kijibomba ambacho mafundi hukiita gaidi, jina kali kwa kitu kisicho na ugomvi na mtu. Juu ya gaidi kuna kikofia kidogo cha mpira kinachoshika shina la valvu na kuacha oili kiasi cha kulainisha tu. Hiyo ndiyo sili ya valvu. Mpira huu hupikwa na joto kwa miaka. Hauchakai kwa kilomita peke yake bali pia kwa umri, kwa hiyo pikipiki iliyotembea kidogo lakini imekaa muda mrefu inaweza kuwa na sili ngumu kama plastiki. Jambo hili tu lingetosha kumfanya mtu asikimbilie ringi kwenye injini ya zamani.

Dalili zao, kwa ufupi wake:

| | Sili za valvu | Ringi na silinda |
|---|---|---|
| Kuwasha baada ya kulala usiku kucha | Wingu la bluu, kisha linatoweka mapema | Kwa kawaida hakuna wingu la pekee |
| Kuteremka mlima eksileta imefungwa, kisha kuvuta | Moshi wa bluu hutoka kwa mkupuo mmoja | Unaweza kutoka pia |
| Kupanda mlima na mzigo | Mara nyingi safi | Moshi huongezeka kadiri injini inavyobebeshwa |
| Bomba la kupumulia | Kawaida | Moshi na oili nyingi |
| Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) | Haiathiriki | Hushuka, lakini si lazima |

Jedwali hili lina uongo wake mdogo, kama majedwali yote. Mstari wa pili husomwa vibaya kila siku. Ni kweli kwamba ukifunga eksileta huku pikipiki inateremka, silinda huvuta kwa nguvu lakini hewa imezibwa, na mvuto huo hunyonya oili kupitia shina la valvu ya kuingizia. Lakini mvuto huo huo huinyonya pia kutoka chini, kupitia ringi ya oili iliyokwama. Kwa hiyo moshi wa mteremkoni unasema "oili inaingia", hausemi mlango gani.

Ukiniambia nichague dalili moja tu, nitachukua moshi wa asubuhi. Injini ikilala, oili iliyobaki kwenye hedi hudondoka taratibu kupitia sili mbovu na kujikusanya juu ya valvu au kwenye silinda. Ukiwasha, inaungua yote kwa mkupuo, kisha panakuwa safi. Ringi hazina njia rahisi ya kufanya hivyo kwenye silinda iliyosimama wima, kwa sababu oili haipandi mlima usiku. Silinda iliyolala ni habari nyingine: zile injini za BMW zenye silinda mbili zilizotanuka kushoto na kulia zinajulikana kwa kutoa moshi zikiwashwa baada ya kuegemea stendi ya pembeni, kwa sababu silinda ya kushoto inakuwa bondeni na oili inaifuata. Hiyo si hitilafu, na mwenye nayo asisumbuke.

Na msiutegemee sana moshi kuwa mkubwa. Mililita 320 zikisambazwa kwenye saa 20 za kuendesha ni mililita 16 kwa saa. Kwa macho, mchana, hutaona kitu. Shika karatasi nyeupe ngumu nyuma ya ekzosi kwa dakika moja huku injini ikiwa imepata moto na mtu anapiga resi ya wastani. Matone madogo meusi yenye mafuta yakitokea, umepata jibu. Masizi makavu ya kufutika yanatokana na petroli nyingi, na ukungu wa maji asubuhi ya baridi si chochote.

Plagi nayo husema, ikiulizwa vizuri. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria ni petroli kuzidi. Nyeusi, yenye kung'aa na mafuta, ni oili ndani ya silinda: inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa sili ya valvu ya kuingizia. Lakini kuna hali ya tatu ambayo ilinichanganya kwa muda: plagi safi, rangi ya kahawia inayopendeza, na bado oili inaisha. Sili ya valvu ya kutolea ikiharibika, oili haipiti kwenye silinda kabisa. Inashuka moja kwa moja kwenye tundu la ekzosi na kuungulia huko. Plagi haina habari. Toa bomba la ekzosi pale linapoungana na hedi, ingiza kidole injini ikiwa baridi. Pakiwa na utepetepe wa oili na plagi ni safi, usiguse ringi.

Yangu ilitoa wingu asubuhi, ikawa safi mlimani, na plagi ilikuwa na mafuta kidogo. Kesi ikaelemea kwenye valvu ya kuingizia.

Geji ya kompresheni na kipimo cha hewa

Nilirudi kwa fundi na maelezo yangu. Akasema, na kwa haki, "Tupime kompresheni basi." Tukapima, ikaja nzuri. Akashangaa. Mwingine aliyekuwa pale akasema kama kompresheni ni nzuri basi injini haiwezi kula oili, labda naibiwa oili usiku.

Ndipo kosa kubwa kuliko yote lilipo. Geji ya kompresheni hupima kama ringi mbili za juu zinafunga na kama valvu zimekaa vizuri kwenye viti vyake. Haipimi ringi ya oili. Haipimi sili za valvu. Vitu viwili vinavyozuia oili isiungue ndivyo viwili ambavyo geji haivioni. Injini inaweza kuwa na kompresheni ya kujivunia huku ringi ya oili imegandishwa na masizi kwenye mfereji wake. Tena oili ikiwa nyingi ndani ya silinda huziba mianya na kuipandisha namba, kwa hiyo geji inaweza kukusifia injini mgonjwa.

Hiyo haina maana kwamba geji haifai. Inafaa upande mmoja: ikiwa kompresheni imeshuka, basi unajua kuna uchakavu zaidi ya sili. Ipime injini ikiwa ya moto, eksileta wazi kabisa, piga kiki mpaka sindano iache kupanda. Eksileta ikifungwa namba inakuwa ya chini bure. Na ujue kama injini yako ina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, maana nacho kitakupa namba ya uongo. Ikitoka chini, weka oili kama kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha mara chache, pima tena. Ikipanda waziwazi, ringi au silinda ndiyo inayopitisha. Ikikaa pale pale, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Kipimo cha hewa ya kujaza ni bora zaidi, ukimpata mwenye kompresa na geji mbili. Pistoni huwekwa juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni, hewa huingizwa kupitia tundu la plagi, na geji husoma asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni injini nzuri. Ikikaribia 30 imechoka. Lakini uzuri wake hauko kwenye asilimia bali masikioni. Hewa ikipumua kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikipumua kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikipumua kwenye tundu la kujazia oili, inapita kwenye ringi, na kidogo hupita daima hata kwenye injini mpya. Kwenye injini inayopozwa kwa maji, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi. Weka gia na ukanyage breki, la sivyo hewa itaisukuma pistoni na kiki inaweza kukuvunja kifundo.

Kati ya hivi viwili, kama unalazimika kuchagua: geji ya kompresheni kwa kujua afya ya jumla, kipimo cha hewa kwa kujua ugonjwa uko upande gani. Lakini kwa swali la oili peke yake, moshi wa asubuhi, plagi na tundu la ekzosi vinashinda vyote viwili, na havihitaji kifaa.

Bomba la kupumulia, anayesahaulika

Kila injini ina bomba linalotoa hewa iliyobanwa chini ya pistoni, mara nyingi likiielekeza kwenye boksi la chujio la hewa. Likiziba kwa masizi au likikunjwa wakati wa kufunga tangi, shinikizo linapanda ndani na kutafuta pa kutokea: kwenye sili. Mtu anabadilisha sili ya gia, inavuja tena baada ya wiki, anailaumu sili kuwa feki. Angalia bomba kabla ya kununua sili ya pili.

Bomba hilo hilo ni njia ya oili kutoka nje bila kuungua wala kudondoka. Ukijaza kupita alama, krenki inaipiga oili kuwa povu na bomba linaitema kwenye boksi la hewa. Chomoa kimfuko au kizibo kilicho chini ya boksi hilo. Ikitoka oili, ama ulijaza kupita kiasi, ama ringi zinapitisha hewa nyingi inayobeba oili. Kuhusu kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka: kwenye silinda moja, mapigo ya hewa ni ya kawaida, pistoni yenyewe ni pampu. Kinachotia shaka ni moshi unaotoka mfululizo kama bomba la jiko.

Wenye injini za mipigo miwili, oili yenu ya kuchanganya na petroli imekusudiwa kuungua. Ya kuangalia kwenu ni oili ya gia. Ikipungua na moshi ukawa mzito usio wa kawaida, sili ya krenki upande wa klachi ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa sababu krenki inainyonya oili ya gia na kuipeleka kwenye mlipuko.

Uchague nini

Ikiwa upotevu ni mdogo, tuseme mililita 100 kwa kilomita 1,000, mimi nisingefungua kitu. Ningebeba chupa ndogo na kuangalia kijiti kila wiki. Oili kuungua kidogo haiui injini. Kinachoua ni kuendesha ikiwa imepungua, na kwenye injini inayopozwa kwa hewa kamshafti huko juu ndiyo huumia mapema.

Kuhamia oili nzito, mfano kutoka 10W-30 kwenda 20W-50, kunaweza kupunguza, mradi kitabu cha pikipiki kinaruhusu unene huo. Hakuponyi. Na iwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kipimo kilichoanza 1998 kwa ajili ya injini ambazo klachi yake huoga kwenye oili ile ile. Oili ya gari iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Dawa za kuziba mivujo siziamini: hulainisha mpira uliochoka kwa muda, na mpira uliolainishwa hauna siku nyingi.

Kati ya kubadilisha sili za valvu na kuchonga bloku, dalili zikiwa za sili, anza na sili bila wasiwasi. Kwenye silinda moja, hedi hutoka kwa kazi ya siku moja. Valvu zikiwa nje, zirudishe zikiwa kavu kwenye gaidi na uzitikise pembeni. Zikicheza waziwazi, gaidi zimekwisha, na sili mpya zitaharibika upesi kwa kuchezeshwa. Hapo gaidi nazo zibadilishwe.

Kuchonga bloku kuna hasara ambayo haitajwi. Pistoni za kuzidi ukubwa huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, pale zinapopatikana zote. Kila kuchonga ni hatua moja iliyotumika, na chuma kilichotolewa hakirudi. Ndiyo maana silinda isichongwe kwa kusikiliza tu. Ipimwe. Njia ya chini kabisa: ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mianya). Kwenye injini nyingi ndogo mwanya mpya huwa milimita 0.15 hadi 0.35 hivi, na ukikaribia 0.5 muda wake umefika. Pima juu inapochakaa na chini ambapo ringi hazifiki. Tofauti kati ya hizo mbili, ukiigawa kwa 3.14, ndiyo uchakavu wa kipenyo cha silinda yenyewe.

Ringi mpya kwenye silinda iliyochakaa ni chaguo ninalolipinga. Ringi ya duara haifungi kwenye tundu lililopinda. Lakini ikiwa silinda iko ndani ya kipimo, ikakwaruzwa upya kwa mistari inayokatana na ringi zikafungwa na alama ikitazama juu, mianya ikiwa imepishana, hakuna ubaya. Tena mara nyingine ringi ya oili haijachakaa, imegandishwa tu na masizi ya oili iliyopitwa na muda, na kuitoa, kusafisha mfereji na kufungua matundu ya pistoni kunatosha.

Tulipofungua hedi yangu, fundi alishika brashi ya waya aanze kusafisha. Nilimshika mkono. Kabla ya kusafisha chochote, tazama vitu viwili. Ukingo wa juu wa pistoni ukiwa mweupe, umeoshwa masizi yote kuzunguka, oili inapanda kutoka kwenye ringi na ndiyo inayoosha. Mgongo wa valvu ya kuingizia ukiwa na keki nyeusi nene iliyogandana kwenye shina, oili inashuka kutoka juu. Pistoni yangu ilikuwa na masizi makavu hadi ukingoni. Valvu ya kuingizia ilikuwa na keki nene kama kidole, na sili yake, nilipoiminya kwa ukucha, ilipasuka.

"Haya," fundi akasema, akairudisha ile brashi mezani, "ngoja niitoe hiyo nyingine nayo."

Baada ya kilomita 500 niliongeza mililita 25.